Folda ya Wageni

Kazini walimwita Darubini, na mwenyewe alikuwa ameshasahau ni nani aliyeanza. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani ya kamba shingoni na tabia ya kusogeza uso karibu na skrini kama mtu anayenusa maziwa ajue kama yamechacha. Ofisi yao ilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro. Ngazi zilikuwa nyembamba, na kila asubuhi alizipanda huku akiyatazama magodoro yale yamesimamishwa ukutani, mapya, bado yako ndani ya nailoni, akiwaza kwamba dunia haina haki kabisa: kitu cha kulalia kinasimama, na mtu wa kulala anapanda ngazi.

Kazi yake ilikuwa kusoma programu za kompyuta zilizoandikwa na watu asiowajua. Siku hizi shirika likitaka programu, si lazima liagize mpya. Ziko programu huria, ambazo wenyewe wameziweka mtandaoni zikiwa wazi ndani nje. Kila mstari unasomeka, na anayetaka huchukua, akatumia, akabadilisha apendavyo. Lakini cha kuokota huchunguzwa kabla ya kutiwa mfukoni. Mwandishi wake bado anaitunza, au aliitelekeza zamani? Ndani mna nini? Kikivunjika kitu, nani anajua kilivyofungwa? Watu waliileta programu ofisini na maswali yao, na ndani ya ofisi aliyeyajibu alikuwa Darubini.

Alikuwa na njia zake. Hakusoma kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Hiyo ni njia ya kuzeekea mlangoni. Kwanza alisoma ukurasa wa makaribisho, asiuamini sana, maana mwenye nyumba hajisemi ubaya. Kisha aliifungua historia, yaani kumbukumbu ya kila badiliko na aliyelifanya, aone faili gani huguswa kila mara na faili gani haijaguswa tangu izaliwe. Faili inayoguswa na kila mtu ni kama jiko: ukitaka kuijua nyumba, kaa jikoni. Baada ya hapo alifuatilia kipande gani kinaita kipande gani, kipi kikianguka kitaanguka na wangapi. Mwisho alitafuta majaribio, yale maandishi madogo ambayo mwandishi huyaweka ili programu ijipime yenyewe, kwa sababu humo ndimo mwandishi anamosema anaogopa nini.

Miaka mingi aliyafanya hayo kwa mkono, hadi siku alipochoka akaandika kijiprogramu cha kumsaidia. Alikiita Chungulio. Ukikionyesha folda yoyote, kiliingia, kikazunguka, kikatoka na mchoro wa miduara na mishale. Mduara mkubwa ulikuwa faili yenye shughuli nyingi. Mshale ulikuwa wito, huyu anamwita yule. Na mduara wa kijivu, usioelekewa na mshale hata mmoja, ulikuwa kipande kisichoitwa na yeyote. Vile vya kijivu alizoea kuviita wafu.

Uchovu wake ulikuwa wa mtu anayelala nyumba za watu. Akishajua tu swichi ya taa iko wapi na bomba gani linavuja, ripoti imekwisha, anahamishiwa nyumba nyingine. Wenzake aliosoma nao walikuwa na vitu vya kuonyesha: huyu ameandika programu ya shule, yule ya maghala. Yeye alikuwa na Chungulio tu, kilichojulikana na watu wa chumba kimoja.

Nyumbani alikuwa na mama mkwe. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, akionekana kwa msimu kama mvua, na mama wa dereva huyo alikuwa amepata kiharusi: upande wa kushoto ukalala, ulimi ukabaki mzima kabisa, tena ukaongezewa zamu. Mchana jirani mmoja alikaa naye. Asubuhi na jioni alikuwa wa Darubini. Kumwinua, kumwogesha, kumgeuza, kumlisha, kusikiliza.

Zamani mama mkwe alipomuuliza hufanya nini ofisini, alimjibu, bila kufikiri, kwamba kazi yake ni kusoma kodi, kwa kuwa ndivyo wenzake walivyoyaita maandishi ya programu. Bibi akawatangazia wapangaji wote wa jengo kwamba mke wa mwanawe ni mtu wa kodi, na kwa muda mrefu majirani wakawa wanampita Darubini ngazini wameinamisha macho. Alipokaa chini na kumweleza vizuri, bibi alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo unalipwa kusoma barua za watu."

"Wameziacha wazi wenyewe, mama."

"Wajinga wapo. Nigeuze huku, mkono unaniwaka."

Ndivyo maisha yalivyokuwa, siku ikifuata siku, hadi ilipokuja kazi ya hospitali.

Hospitali kubwa ya mji ilitaka programu ya kuendesha maabara: damu ichukuliwe wodini, ipewe alama, ipimwe, na majibu yarudi yenyewe hadi kwenye kompyuta ya wodi, badala ya makaratasi kutembezwa mkononi na kupotea njiani. Walikuwa wameipata programu huria moja iliyoandikwa mbali, na watu wachache tu, kwa kujitolea. Ofisi ya Darubini ilitakiwa kuichunguza, kukata chochote kisichotumika, maana kila kisichotumika ni dirisha lisilo na komeo, kisha kuifunga kwa majaribio kwenye wodi moja.

Mkuu wa ofisi, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Haraka akiwa hayupo, alikuwa mtu mwema aliyezaliwa akiwa amechelewa. Siku hiyo alimwita Darubini mezani kwake akiwa na furaha ya mtoto.

"Dada, hebu njoo uone maajabu. Tumepata zana mpya. Inasoma programu nzima wakati wewe unavua viatu."

"Mimi sivui viatu ofisini, bosi."

"Basi wakati unatafuta miwani."

"Miwani iko shingoni."

"Dada, usiniharibie siku. Tazama."

Darubini akatazama. Zana ile ilichora kama Chungulio, lakini kwa rangi nzuri zaidi, na chini ya mchoro iliandika maelezo kwa aya zilizonyooka, kwa ufasaha wa karani wa mahakama: programu hii inafanya hivi, moyo wake uko hapa, sehemu hizi ni dhaifu, sehemu hizi hazitumiki. Kazi ambayo yeye angeitolea wiki nzima ilikuwa imelala kwenye skrini kabla chai haijapoa. Alichohisi hakikuwa wivu hasa. Ilikuwa kama kukuta kiti ulichozoea kukalia kimekaliwa na mtu ambaye pia ana haki ya kukaa.

"Nzuri," alisema.

"Chungulio tutakiweka akiba," Bwana Haraka akasema kwa upole, maana alijua. "Wewe linganisha tu, uthibitishe, tufunge. Hospitali wananipigia simu kama wakwe."

Kesho yake asubuhi mama mkwe aliteleza bafuni. Jirani alikuwa hajafika. Darubini alimwinua peke yake, mwili wote ule mzito upande mmoja, na mgongo wake ukatoa mlio ambao hakuupenda. Bibi hakuumia, ila aliona aibu, na aibu yake ilitoka kama matusi. Hadi kumkausha, kumvisha, kumtuliza na kumngoja jirani, jua lilikuwa limeshapanda. Alifika ofisini akipanda ngazi kwa kushika ukuta.

Akaendesha zana zote mbili, ile mpya na Chungulio, akaweka michoro sambamba. Zilikubaliana karibu katika kila kitu, naye akaona fahari kidogo kwa ajili ya kile kijiprogramu alichokiandika mwenyewe. Zote mbili ziligundua kifaili cha katikati ambacho kila mtu hukipitia. Zote mbili zilionyesha folda chache za kijivu. Moja ya hizo iliitwa "wageni." Mwandishi mmoja tu. Haijaguswa muda mrefu. Haina majaribio. Haiitwi na yeyote.

Siku nyingine yoyote angeifungua, akaisoma hadi chini, kisha akawapigia hospitali kuuliza. Ndiyo ilikuwa desturi yake na wenzake walimcheka kwayo. Siku hiyo aliifungua, akasoma mistari ya juu tu. Mgeni asiye na jina apewe nafasi ya muda. Akaelewa mara moja, au alidhani ameelewa. Programu nyingi zina wageni wa namna hiyo, watu wanaotumia kompyuta bila kuwa na akaunti, wanaingia, wanachungulia, wanatoka. Kwenye maabara ya hospitali, mgeni wa namna hiyo ndiye hasa dirisha lisilo na komeo.

Akaifuta. Akaandika kwenye ripoti: kipande kimekufa, kimeondolewa. Kisha akashika kiuno, akaenda kunywa maji.

Majaribio yalifanyika wodi ya wazazi, kwa sababu muuguzi mkuu wa huko ndiye aliyekuwa wa kwanza kukubali. Programu ilifungwa, ikawashwa, na watu wakapigana makofi begani. Siku iliyofuata, mchana, simu ikalia mezani kwa Darubini.

"Wewe ndiye mtu wa kompyuta?"

"Ndiye mimi. Nani mwenzangu?"

"Muuguzi mkuu, wodi ya wazazi. Watoto wangu hawamo."

"Hawamo wapi, Sista?"

"Humu kwenye mashine yenu. Mama zao wamo, na vitanda vyao vimo. Watoto hawamo. Nimewazalisha mimi, nimewahesabu mimi, lakini mashine inasema hakuna mtu."

Darubini alichukua mkoba wake akatoka bila kuaga.

Wodi ilikuwa chumba kirefu chenye vitanda pande mbili na mapazia yaliyofifia kwa kufuliwa. Palinukia sabuni ya kufulia na maziwa. Akina mama wengine walikuwa wamelala wamegeukia ukutani, wengine wananyonyesha wakitazama mbele kama watu waliomaliza safari ndefu na bado hawaamini kwamba wamefika. Muuguzi mkuu alikuwa mwanamke mnene, mwenye viatu alivyovikata pembeni ili kidole gumba kipumue. Alikuwa ameshika tepu nyeupe ya bandeji na kalamu. Alimwongoza Darubini kitanda hadi kitanda akimwonyesha miguu midogo iliyofungwa tepu, kila moja imeandikwa kwa mkono: mtoto wa fulani, mtoto wa fulani.

"Mtoto akizaliwa hana jina," alisema, taratibu, kama anayezungumza na mtu mwenye homa. "Wengine wazazi wanagombana jina, wengine baba yuko mbali, wengine wanamngojea bibi mzaa baba atoe jina lake. Sisi hatungoji. Damu tunachukua, vipimo tunapima. Sasa mashine yenu haitaki mtu bila jina. Nimechukua damu ya huyu asubuhi." Akasimama kando ya kitanda cha kioo.

Ndani yake mtoto alilala chini ya taa ya buluu, amefungwa kitambaa machoni, mikono imefunguka. Mama yake alikaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, kidole kimoja kimepita kwenye tundu la kioo kikigusa kisigino.

"Alianza kuwa wa manjano," muuguzi akaendelea. "Damu ikaenda. Nikangoja majibu. Nikangoja. Mashine kimya. Nikaenda maabara kwa miguu yangu hii. Wakasema majibu yapo tangu saa ngapi sijui, lakini mfumo haumjui mwenyewe. Nikawaambia, mimi namjua. Nipeni." Akafuta jasho kwa mgongo wa mkono. "Yalikuwa juu. Sana. Daktari amesema tumewahi."

Darubini alimtazama mtoto. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka haraka haraka, jinsi vifua vyao vinavyopanda.

"Na tulipoonyeshwa ile programu mara ya kwanza, kabla haijaja kwenu," muuguzi akasema, "sehemu hiyo ilikuwepo. Niliiona kwa macho yangu. Imeandikwa wageni. Nikafurahi, nikasema, aliyeandika hii amewahi kukaa wodini. Hata sisi ndivyo tunavyosema tukipokezana zamu. Leo tumepata wageni wangapi?"

Darubini alitafuta mahali pa kukaa, hakupaona. Kila mtu duniani anasema hivyo. Nyumba fulani wamepata mgeni. Hata yeye alisema hivyo dada yake alipojifungua. Neno lilikuwa limeandikwa mbele ya macho yake, na yeye akalisoma kama mashine.

"Niliitoa mimi, Sista," alisema.

"Kwa nini?"

"Ilionekana haitumiki."

"Ilionekana na nani?"

Muuguzi alimtazama kwa muda, bila hasira, kama anayekadiria uzito wa mgonjwa kabla ya kumwinua. Kisha akamkabidhi ile tepu.

"Basi shika hapa, nikate. Nina wengine wawili wa kuandika, na mwenzangu amekwenda kula."

Akashika tepu. Muuguzi akakata, akaandika, akafunga miguu miwili, mmoja baada ya mwingine, na Darubini akasimama pale hadi kazi ilipokwisha.

Aliporudi ofisini aliirudisha folda mahali pake. Hilo halikuwa gumu; kwenye historia hakuna kinachopotea kweli. Wodi wakamwambia kwa simu kwamba watoto wameonekana. Ndipo akakaa, mgongo ukimuuma, akaisoma ile programu kama alivyopaswa kuisoma mwanzo, apate kujua kwa nini zana mbili na mtu mmoja walidanganyika.

Jibu alilipata kwenye faili ya mipangilio, faili ya maneno matupu ambayo kila mtu huipita. Palikuwa na mstari unaosema: programu inapowashwa, tazama imewashwa wodi gani, chukua neno lililowekewa wodi hiyo, tengeneza nalo jina la folda, kisha iite. Jina "wageni" halikuandikwa mahali popote likiwa limeunganishwa na wito. Lilizaliwa pale tu programu inapoamka ndani ya wodi ya wazazi. Na zana zote mbili zilikuwa zimeisoma programu ikiwa imelala.

Bwana Haraka alimngoja mchana wa siku iliyofuata katika chumba chake, mlango umefungwa, jambo ambalo hakulizoea. Hospitali walikuwa wameandika kuuliza kilichotokea. Alikuwa amevua koti, na bila koti alionekana mzee kuliko umri wake.

"Dada, tuseme hivi," alianza. "Zana ilikosea. Ni zana mpya, kila mtu ataelewa. Hata Chungulio kilisema hivyo hivyo. Mashine mbili!"

"Hazikukosea, bosi."

"Kivipi hazikukosea? Zimesema kipande kimekufa."

Darubini akamwekea mbele ripoti ya ile zana mpya, kidole kwenye mstari. "Soma mwenyewe. Inasema haikuona kipande kinachoita folda hii. Na Chungulio nacho kinachora rangi ya kijivu tu. Neno kufa ni langu. Nimelitumia miaka yote, hadi nikasahau kwamba ni langu."

Bwana Haraka alisoma, akavua miwani, akajikanda macho kwa vidole. Nje muuza magodoro alikuwa anabishana na mteja kuhusu godoro gani ni gumu.

"Ulikuwa umechoka siku ile," alisema hatimaye. "Nilikuona ukipanda ngazi. Nikasema mwache amalize, halafu nitampa mapumziko."

"Ungenipa?"

"Sijui," alisema kwa ukweli. "Pengine kazi nyingine ingeingia."

Wakaandika barua kwa hospitali wakiwa pamoja, bila kuisingizia mashine. Hospitali walikasirika kwa muda wao, wakatuma mtu wa kuuliza maswali, na mwisho wakaamua kuendelea, kwa sababu muuguzi mkuu aliwaambia kwamba sasa majibu yanarudi haraka kuliko alivyowahi kuona, na kwamba aliyeharibu amekuja mwenyewe na kusimama. Mtoto aliondoka na mama yake. Alikuwa ameshapata jina, lakini Darubini hakuuliza ni lipi.

Jambo moja lilibaki likimkera. Alitaka kumjua mwandishi wa folda ile. Anwani yake ilikuwa kwenye historia, chini ya kazi ya mwisho aliyoifanya kabla ya kunyamaza. Akamwandikia barua pepe fupi: kwamba amekuwa akiisoma kazi yake, kwamba aliifuta kwa makosa na kuirudisha, kwamba anaomba radhi, na kwamba angependa kujua kwa nini aliiita wageni wakati angeweza kuiita watoto, watu wakaelewa.

Jibu lilichelewa kiasi kwamba alikuwa ameacha kulingoja. Mwandishi alisema kwamba yeye ni fundi wa maabara, si mtaalamu wa kompyuta; alijifunza kuandika programu kwa lazima. Mke wake alikuwa mkunga. Kila jioni alirudi akisema leo nilipata wageni kadhaa, na mmoja majibu yake yamepotea. Kwa hiyo aliandika folda ile kwa ajili yake, na hakuona haja ya kuieleza kwa mtu mwingine, kwa kuwa msomaji pekee aliyekuwa naye akilini alikuwa anakaa naye meza moja. Sasa mke alikuwa ameacha kazi, miguu imemvimba, na yeye mwenyewe macho yamepungua. Watu huniandikia kitu kikiharibika tu, alisema. Wananiandikia kwa ukali, kana kwamba nimewaajiri. Wewe umeuliza swali. Kama unapenda, chukua funguo, uwe mtunzaji badala yangu. Mimi nimechoka, ndugu yangu.

Darubini aliisoma barua hiyo akiwa nyumbani, jioni, simu mkononi, akimlisha mama mkwe uji kwa mkono mwingine.

"Nani anakuliza?" bibi akauliza.

"Silii, mama. Kuna mtu ananipa nyumba yake."

"Nyumba? Bure?"

"Ya maandishi. Ananitaka niitunze."

Bibi alimeza, akafikiri. "Ukiichukua, na mimi nani atanigeuza?"

"Ndilo hilo ninalolifikiria."

"Hapo umefikiri vizuri. Kijiko kimejaa mno, unanimwagia."

Hakuchukua funguo. Alimjibu yule fundi wa maabara kwamba anamshukuru, ila mgongo wake umeshabeba unachoweza kubeba, na anadhani yeye kuliko mtu yeyote ataelewa. Lakini Jumamosi chache zilizofuata, mama mkwe akisinzia mchana, alikaa na kuandika vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa ukurasa mmoja kwa maneno ya kawaida, unaoeleza folda ile ni ya nani, huamka lini, na kwa nini haionekani ikiitwa. Cha pili kilikuwa jaribio: programu ijaribu kumpokea mtoto asiye na jina, na ikishindwa, ipige kelele na ikatae kuwaka. Akamtumia. Mwandishi aliviunganisha na programu siku hiyo hiyo bila maneno, akaweka tu jina la Darubini, jina lake halisi, kwenye historia chini ya lake. Lilikuwa jina la pili katika folda iliyokuwa na jina moja miaka yote. Darubini alilitazama kwa muda mrefu. Alitegemea kufurahi. Alihisi usingizi.

Chungulio nacho alikirekebisha kidogo, ingawa ofisini hakuna aliyekitumia tena. Zana mpya ilishinda, na ilistahili. Hata yeye aliiwasha kila asubuhi, na kwa kweli ilimpunguzia mengi. Bwana Haraka aliongeza kanuni moja: kisiondolewe kipande chochote kwenye programu hadi mmoja wao aende kukaa siku nzima na wanaoitumia. Aliyetumwa alikuwa Darubini. Hivyo kazi yake ikabadilika bila mtu kutangaza. Machoni alipumzika, miguuni akachoka. Alikaa kwenye maghala, kwenye maktaba, kwenye ofisi za mizigo, akitazama watu wanavyobonyeza, wanavyolaani, wanavyozunguka kile kisichofanya kazi kwa njia zao za panya ambazo hakuna mchoro unaozionyesha.

Mumewe aliporudi safari moja alimkuta amekonda, akaona mama yake anavyoinuliwa. Asubuhi alisema ataomba njia fupi, hata kama mwenye malori atanuna. Akaomba, akapewa nusu ya alichoomba. Darubini alisema nusu ni nyingi.

Mara ya mwisho alionekana kwenye ghala moja la dawa, ameketi kwenye benchi nyuma ya karani wa mapokezi, mgongo kwenye ukuta wa baridi, viatu amevivua na kuvipanga chini ya benchi. Karani, mama mwenye mvi aliyekuwa akipokea maboksi na kuyaandika kwenye kompyuta, aligeuka akamkuta macho yamefumba.

"Dada, umekuja kukagua au kupumzika?"

Darubini alifumbua jicho moja. "Nilikuwa nasikiliza. Mara tatu umebonyeza kitu, ukaguna, ukarudi nyuma. Ni nini hicho?"

Karani alicheka, akasogeza kiti chake apishe nafasi. "Kumbe unasikia. Njoo basi nikuonyeshe, maana hiki kitu kitaniua mimi."

Darubini akainuka, taratibu, akishika ukuta, akaenda kuangalia.